Wadudu wetu wako Tervuren

Miaka ya 1950, watafiti wa IRSAC hapa Uvira walikamata wadudu wa ziwa na wa milima, wakawapa majina ya Kilatini. Wengi wako mpaka leo ku Tervuren, Ubelgiji, na vikaratasi vyao vinasema «Uvira». Sisi wenyewe hatujawaona.

Lakini mama anayechuma uyoga wa kichuguu karibu na mashimo ya zahabu, kule Itombwe, anajua ule wa kula na ule wa kuua. Hiyo pia ni sayansi. Akifa bila mutu kuiandika, watoto watachuma kwa kubahatisha.

Tunaomba watafiti wa CRH: pandeni ku machimbo, ulizeni wamama, andikeni majina ya kwetu. Na wachimbaji, waonyesheni njia.