Baridi ya Lushoto si Baridi ya Ulaya

Msafiri apandaye gari kutoka Mombo kwenda Lushoto huanza safari kwenye joto, mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari, na baada ya kilomita 33 za kona hufika kwenye mita 1,400 hivi, tayari amevaa sweta. Hewa hupoteza joto kwa kadiri ya nyuzi 6 za Sentigredi kila tupandapo mita 1,000. Sweta hiyo basi haina muujiza. Lakini ndiyo iliyozaa usemi kwamba Usambara ni Ulaya ndogo, na usemi huo, kwa maoni yangu, umekwisha kuwatia hasara baadhi ya wakulima.

Nitatumia mfano wa divai nyekundu, si kwa nia ya kuwashawishi wanafunzi wainywe, bali kwa sababu mzabibu ni mmea usiosamehe makosa ya hali ya hewa. Karibu na Soni, katika misheni ya Sakharani, watawa wa Kibenedikti wamejulikana kwa divai yao na kwa makadamia. Mgeni aionapo chupa hiyo husema mara moja, "Bila shaka, huku ni baridi kama kwao." Hapo ndipo kosa linapoanza.

Ni kweli kwamba baridi ina faida yake. Maji ya zabibu nyingi nyeusi ni meupe. Wekundu wa divai hutoka katika maganda, ambayo huachwa ndani ya chombo wakati hamira inapogeuza sukari kuwa kileo. Rangi hizo, za jamii ya anthosianini, hujengeka vema zaidi penye jua zuri mchana na ubaridi usiku. Ubaridi huohuo huizuia zabibu isiiunguze upesi asidi yake. (Mwalimu asiye na zabibu na achukue maganda ya plamu nyekundu, ayatie maji ya ndimu, kisha mengine maji ya majivu. Darasa halitasahau rangi zitakazoonekana.)

Nilipokuwa mwanafunzi Ujerumani nilipelekwa kulitazama bonde dogo la mto Ahr, lililo nyuzi 50 hivi kaskazini ya Ikweta, ambako divai nyekundu hutengenezwa kwa wingi. Ilikuwa Januari. Niliona vijiti vyeusi ndani ya theluji, nikampa mwenyeji wangu pole kwa kufiwa na shamba. Alicheka sana. Mizabibu ilikuwa imelala tu. Siku zinapofupika na baridi inapokaza, mmea huacha majani na kupumzika. Joto la masika huyaamsha macho yake karibu yote kwa pamoja, na matunda huiva kwa pamoja.

Lushoto iko chini ya nyuzi 5 kusini ya Ikweta. Urefu wa mchana wake hautofautiani hata saa moja mwaka mzima. Baridi ipo, majira ya baridi hayapo. Mzabibu haupati habari ya kulala, wala ya kuamka. Tawi moja lina maua, jingine lina zabibu mbivu. Isitoshe, masika na vuli, pamoja na ukungu wa milimani, huyalowesha majani kwa muda mrefu, na hayo ndiyo makazi ayapendayo kiumbe mfano wa kuvu aitwaye *Plasmopara viticola*.

Mzee mmoja wa upande wa Soni alinionyesha shamba lake la mizabibu. Alikuwa ameshauriwa kupanda mbegu ya Ulaya "kwa kuwa huku ni Ulaya." Aling'oa maharage, akasubiri miaka mitatu, akavuna majani yenye madoa. "Mwanangu," aliniuliza, "ninyi mliosoma huko, mbona hamkusema?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Dodoma haina baridi hiyo, lakini ina kiangazi kirefu. Mkulima hukata matawi kwa wakati autakao, hivyo mkasi hufanya kazi ya theluji, na huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Ujuzi huo haukutoka Ahr. Ulipatikana kwa kujaribu hapahapa nchini, na Makutupora kipo kituo cha utafiti wa zabibu. Naona ingefaa miche kadhaa ya huko ijaribiwe Soni kwa misimu mitano, chini ya paa jepesi la kuzuia mvua, kabla mkulima mwingine hajaambiwa ang'oe maharage yake. Na huenda jibu la Usambara lisiwe zabibu kabisa: plamu zinazooza kandokando ya barabara msimu ukifika nazo zina sukari, asidi na rangi.

Shule za sekondari za huko zaweza kuanza kesho. Kipimajoto kimoja cha kiwango cha juu na cha chini, kopo la kupimia mvua, na daftari. Vipimo vichukuliwe kila asubuhi, hata siku za likizo. Nakala ya kwanza ningependa apelekewe yule mzee.