Mmea Upi wa Kuanzia? Viumbe wa Pokémon na Malezi ya Watoto Wetu



Juma hili tunaomba tuzungumze juu ya jambo ambalo wazee wetu wataliona dogo, na pengine la kuchekesha, lakini watoto wa Utoto Mtakatifu wamelifikisha mezani petu kwa uzito mkubwa. Wamegawanyika makundi juu ya mchezo wa Pokémon: ni yupi aliye bora miongoni mwa viumbe wa mimea ambao mchezaji hupewa kuwachagua mwanzoni mwa safari? Wakati huohuo, baadhi ya wazazi wametuomba tuupige marufuku mchezo wenyewe, kwa kuwa, wanasema, ni wa mashetani. Maswali haya mawili tutayajibu pamoja. Tunaona kwamba la kwanza, ambalo watu wazima wanalidharau, ndilo lenye mafundisho mengi zaidi.

Kwa wale wasioufahamu: mchezo huu ulitoka Japani tarehe 27 Februari 1996, kazi ya Satoshi Tajiri na kampuni yake ya Game Freak, ukachezwa katika mashine ndogo za Nintendo. Tajiri alipokuwa mtoto alipenda mno kukusanya wadudu, na mapenzi hayo ndiyo aliyoyatia katika mchezo. Jina lake ni ufupisho wa maneno yenye maana ya "mazimwi ya mfukoni", na bila shaka neno hilo zimwi ndilo lililowatia hofu wengi. Mchezaji huanza kwa kuchagua kiumbe mmoja kati ya watatu: wa mmea, wa moto au wa maji. Maji hushinda moto, moto huunguza mmea, na mmea huyashinda maji. Tangu Bulbasaur wa mwaka 1996, kila kizazi cha mchezo kimeleta mmea wake: Chikorita (1999), Treecko (2002), Turtwig (2006), Snivy (2010), Chespin (2013), Rowlet (2016), Grookey (2019) na Sprigatito (2022).

Tuiondoe kwanza hofu moja. Viumbe hawa hubadilika umbo wanapokua, na wapo waliosikia habari hiyo wakadhani watoto wanafundishwa kumkana Muumba. Mabadiliko ya mchezoni ni ya kiumbe mmoja anayekua, kama kiwavi anavyokuwa kipepeo au kiluwiluwi anavyokuwa chura. Na hata kama yangekuwa yale ya wanasayansi, Kanisa halina woga huo. Papa Pius XII aliruhusu uchunguzi wa suala hilo mwaka 1950 katika waraka wake Humani Generis, na Papa Yohane Paulo II alilizungumza kwa uwazi mbele ya Akademia ya Kipapa ya Sayansi mwezi Oktoba 1996, mwaka uleule mchezo huu ulipozaliwa. Mwaka 2001 Saudi Arabia iliupiga marufuku kwa hoja ya kamari na alama za dini nyingine. Sisi hatuoni sababu ya kufuata njia hiyo.

Sasa tuje kwenye mimea yenyewe. Watoto wengi, hasa wale walioupokea mchezo kwa kaka zao, wanamsifu Bulbasaur, mwenye kitumba cha mmea mgongoni ambacho hukua pamoja naye hadi kuwa ua kubwa. Ni kiumbe mzuri, na sura yake ya kichura inapendeza. Lakini tuitazame njia aliyowekewa. Bingwa wa kwanza anayekutana naye ni wa mawe, wa pili ni wa maji, na mmea huwashinda wote wawili. Mwenzake wa moto, Charmander, katika vituo hivyohivyo hutoka jasho. Basi sifa za Bulbasaur, kwa sehemu kubwa, ni sifa za barabara aliyotandikiwa.

Mtazameni Chikorita. Huyu ni mpole, ana jani moja kichwani, na watoto wengi humwita dhaifu. Bingwa wa kwanza anayemkabili ni wa ndege, wa pili ni wa wadudu. Na katika sheria za mchezo, ndege na wadudu wote huushinda mmea. Watoto walitufanyia hesabu ya vituo vyote vinane vya safari yake: ndege, wadudu, wanyama wa kawaida, mizimu, wapiganaji, chuma, barafu, majoka. Hakuna hata kimoja ambacho jamii yake huzidiwa na mmea. Kila mahali anaposimama amesimama penye udongo mgumu. Akifika ukomavu huitwa Meganium, na inasimuliwa mchezoni kwamba pumzi yake huhuisha nyasi na mimea iliyokufa. Mtoto aliyemchagua Chikorita na kufika naye mwisho, kwa maoni yetu, amefanya kazi kubwa kuliko yule aliyefika na Bulbasaur, ijapokuwa wote wawili wataonyesha medali zilezile nane.

Hapa tunawaomba wazazi watuvumilie. Bwana wetu alipotoa mfano wa mpanzi, mbegu ilikuwa moja. Kilichotofautiana ni mahali ilipoangukia. Nasi katika nyumba zetu hapa Mwanza tunapima watoto kana kwamba wote wameangukia shamba moja. Mmoja anasoma shule yenye maktaba, analala saa tatu usiku, anapelekwa kwa gari. Binamu yake anaamka alfajiri kwenda mwaloni na mama yake kupokea dagaa, ndipo apande mlima wa mawe kuelekea shuleni. Matokeo yanapotoka tunawaweka bega kwa bega na kuuliza, "Mbona mwenzako ameweza?" Baraza la Mitihani la Taifa liliacha, kuanzia matokeo yaliyotangazwa Januari 2023, kutaja shule na wanafunzi walioongoza kitaifa. Watu wengi walilalamika. Sisi tuliona ni busara, na tunasikitika kwamba orodha iliyoondolewa kwenye matangazo bado inasomwa sebuleni.

Turtwig nasi tuna udugu wa pekee. Ni kobe mdogo mwenye chipukizi kichwani; gamba lake ni la udongo, hukakamaa anywapo maji, na makazi yake ni kandokando ya maziwa. Hata uchaguzi wake hufanyika ziwani. Akikua huwa Torterra, mwenye mti mzima mgongoni, na viumbe wadogo huja kujenga viota juu yake; wengine huzaliwa hapo na kuishi hapo maisha yao yote. Ni mzito, si wa mbio, na barafu humwangusha vibaya. Tukilazimishwa kuchagua, tungemchagua huyu. Katika Jumuiya zetu Ndogo Ndogo tunawafahamu watu wa namna hiyo, aghalabu akina bibi, ambao migongoni mwao wajukuu sita wamejenga viota.

Lakini watu wa ziwa hawana budi kuongeza neno. Ule usemi wa mchezo kwamba mmea huyashinda maji, sisi tumeuona kwa macho. Gugu maji, lenye asili ya Amerika ya Kusini na ua zuri la zambarau, liliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 lilifunika ghuba na mialo, mitumbwi ikakwama, samaki wakakosa hewa. Na ni nani aliyelipunguza? Pamoja na mikono ya watu, ni mdudu: fukusi wadogo wa jamii ya Neochetina, wenye asili ya hukohuko lilikotoka gugu, walioletwa, wakafugwa na kuachiliwa ziwani. Mtoto anayecheza Pokémon angeweza kutuambia mapema kwamba mdudu huushinda mmea. Gugu halijaisha, linarudi kila virutubisho vya mbolea, maji machafu na udongo wa mashambani vinapomwagika ziwani, na waliokuwa wakivuka kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi kabla ya daraja kufunguliwa Juni 2025 wanalijua vyema. Kwa hiyo tuliwaambia watoto wasiseme kwamba mmea wowote ni mwema kwa kuwa ni wa kijani. Wakaulize umepandwa wapi, na nani anaulisha. Hayati Baba Mtakatifu Fransisko, katika Laudato Si' ya mwaka 2015, alitukumbusha kwamba viumbe vyote vimeunganika, na ziwa letu ni ushahidi wa jambo hilo.

Zimebaki lawama za wazazi juu ya maumbo. Rowlet ni bundi, nasi tumelelewa kuambiwa kwamba bundi akitua juu ya paa kuna msiba. Snivy hukua na kuwa joka la kifalme, Serperior, anayewazuia adui kwa kuwakazia macho tu. Chespin ana miiba kama nungunungu. Akikomaa huwakinga wenzake kwa mwili wake mwenyewe, na huyo anastahili heshima zaidi kuliko anayopewa. Grookey hukua kuwa sokwe mkubwa mpiga ngoma, ambaye mizizi hutii mdundo wake. Sasa tuulize: katika nchi ya Wasukuma, ni nani anayeweza kushtushwa na haya? Bayeye wamecheza na nyoka, Banunguli ni wawindaji wa nungunungu wenye ngoma yao, na Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, hakuvitupa vitu hivyo motoni. Alianzisha makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, na sikukuu ya Ekaristi Takatifu ikawa pia sikukuu ya Bulabo, yaani maua, ambapo Bagika na Bagalu hushindana kwa ngoma. Aliyeweza kuona jambo jema katika ngoma ya nyoka hawezi kukimbia picha ya bundi mwenye majani. Na bundi, tukiwa tumefika hapo, ni ndege anayetulia panya. Mkristo anayemfukuza kwa mawe ajiulize kama amebatizwa kikamilifu.

Tunachokihofia sisi ni kingine kabisa. Tunahofia mtoto wa miaka tisa aliyeachiwa simu tangu magharibi hadi usiku wa manane kwa sababu kelele zake zinawasumbua wakubwa. Tunahofia fedha ya kifurushi inayopatikana siku ambayo sadaka na daftari vimekosekana. Tunahofia watu wazima wenye nia mbaya wanaojipenyeza katika michezo ya mtandaoni wakijifanya rafiki. Kwa hayo, mzazi awe mkali, na tutamuunga mkono. Lakini kuupiga marufuku mchezo bila kuketi hata mara moja kando ya mtoto na kumwuliza kwa nini alimchagua yule kobe au yule mwenye jani, hilo hatulikubali. Jibu lake litamfunulia mzazi mengi. Mtoto mmoja alituambia alimchagua Chikorita kwa sababu "hakuna aliyemtaka".

Katika mchezo huo kipo kitufe kinachoitwa B. Kiumbe anapoanza kubadilika na kukua, mchezaji akikibonyeza, ukuaji husimama, na kiumbe hubaki mdogo. Wapo wachezaji wanaokibonyeza kila mara kwa kuwa wanapenda sura ya zamani. Tumewaza sana juu ya kitufe hicho tangu watoto watuonyeshe.

Jumapili ijayo, baada ya Misa ya watoto, Utoto Mtakatifu watabaki ukumbini. Kila mmoja alete mchoro wa mmea wake wa kuanzia, na mzazi au mlezi mmoja aketi naye. Mjadala utaendeshwa na watoto wenyewe, na katekista atatunza muda. Baadaye tutapanda miche nyuma ya ukumbi, upande ule wa mawe ambako ya mwaka jana ilikauka. Anayeweza alete samadi kidogo na ndoo ya maji.