UJUE UFUNDI: Gari la Matembezi na Nguvu ya Umeme

Siku za sikukuu utaona magari mengi ya matembezi katika barabara za Dar es Salaam. Coaster inatoka Mbagala. Imejaa akina mama wa kikundi, masufuria na ngoma. Inakwenda Bagamoyo. Nyingine inatoka Bunju alfajiri. Inakwenda Mikumi ili watu wakatazame tembo. Bajaji nazo zinapeleka watoto kucheza Coco Beach.

Kwako wewe hayo ni matembezi. Kwa mwenye gari ni kazi. Fedha ya siku hiyo inalipa kodi ya nyumba, inanunua unga, na inapunguza deni la gari.

Sasa kuna jambo jipya. Magari yanayotumia umeme yameingia nchini. Bajaji na pikipiki za umeme zinaonekana mjini. Vijana wa Kinondoni na Temeke wanaulizana: Je, tuchukue mkopo tununue la umeme? Au tubaki na la mafuta?

Swali hili ni zito, kwa sababu deni halisubiri. Ukinunua chombo kisichofaa kazi yako, chombo kitalala na deni litatembea. Kwa hiyo tujifunze kwanza, ndipo tuamue. Jibu limo katika mambo matatu: urefu wa safari, mahali pa kuchaji, na umri wa betri.

Gari la umeme linafanyaje kazi?

Gari la mafuta lina tangi na injini. Mafuta yanaungua ndani ya injini, na nguvu yake inazungusha magurudumu. Gari la umeme halina tangi la mafuta. Lina betri kubwa na mota. Betri inatunza umeme. Mota inapokea umeme huo na kuzungusha magurudumu. Hakuna moshi, hakuna oili ya injini, na hakuna plagi za kubadilisha.

Gari la umeme si jambo la jana. Mwaka 1897 teksi za umeme zilikuwa zikibeba abiria katika mji wa New York, Marekani. Lakini betri za wakati ule zilikuwa nzito na ziliisha upesi. Mwaka 1908 kampuni ya Ford ilianza kuuza gari la petroli la bei nafuu. Baada ya miaka michache petroli ilishinda. Umeme ulirudi baadaye, ilipopatikana betri nyepesi zaidi iitwayo betri ya lithiamu. Betri hizo zilianza kuuzwa mwaka 1991. Betri ya simu yako ni ya jamii hiyo hiyo.

Kwa nini urefu wa safari ni jambo kubwa?

Unanunua umeme wa LUKU kwa uniti. Basi tupime kwa uniti. Lita 1 ya dizeli ina nguvu ya uniti 10 hivi. Tangi la lita 60 lina nguvu ya uniti 600, na mafuta hayo hayafiki uzito wa mfuko mmoja na nusu wa saruji.

Ni kweli kwamba injini inapoteza sehemu kubwa ya nguvu hiyo. Shika boneti ya gari lililotoka safari. Joto lile unalolisikia ni mafuta yaliyopotea. Mota ya umeme inapoteza kidogo tu. Hata hivyo, ukitaka betri ifanye kazi sawa na tangi lile la lita 60, betri hiyo itakuwa na uzito wa zaidi ya tani 1.

Hapo ndipo penye kiini cha habari yetu. Safari ikiwa fupi, betri ndogo inatosha, na umeme unashinda. Safari ikiwa ndefu na mzigo mzito, betri lazima iwe kubwa. Betri kubwa ni ghali, nayo yenyewe ni mzigo.

Mahali umeme unapofaa

Tazama magari ya watalii wa mbugani. Gari la mbugani linakwenda polepole. Linasimama mara nyingi. Jioni linarudi kambini pale pale lilipotoka asubuhi. Kazi ya namna hii inapatana na betri.

Mwaka 2018 magari ya umeme ya watalii yalianza kutumika Serengeti. Mafundi hutoa injini ya dizeli katika Land Cruiser, kisha huweka mota na betri. Kazi kama hiyo ilifanyika pia Nairobi, Kenya. Kampuni ya Opibus ilianzishwa huko mwaka 2017, na mwaka 2022 ikabadili jina ikaitwa Roam. Gari la umeme halipigi kelele, kwa hiyo wanyama hawashtuki upesi. Kambini kuna mitambo ya jua, basi betri inachajiwa kwa jua bila kusubiri lori la mafuta.

Bajaji ya mjini ina tabia hiyo hiyo. Inazunguka Chamazi na Mbande, au Tegeta na Boko. Usiku inalala nyumbani. Rwanda wameona faida hiyo katika pikipiki. Tangu Januari 2025, pikipiki mpya inayosajiliwa kubeba abiria katika mji wa Kigali lazima iwe ya umeme.

Mahali umeme bado una shida

Sasa tazama Coaster ya Mikumi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi ni takriban kilomita 280. Kwenda na kurudi ni kilomita 560. Bado hujahesabu mizunguko ya ndani ya mbuga.

Mwaka 2022 kampuni ya BasiGo ilianza kubeba abiria mjini Nairobi kwa mabasi ya umeme. Basi lake dogo la watu 25 lilikwenda takriban kilomita 250 kwa chaji moja. Basi kama hilo linaweza kuwapeleka akina mama wa Mbagala hadi Bagamoyo na kuwarudisha, kwa kuwa safari hiyo haifiki kilomita 200. Likipelekwa Mikumi litachajiwa zaidi ya mara moja. Litachajiwa wapi? Abiria watakaa wapi wakati huo? Kama mwenye basi hana jibu, asipokee fedha za watu wa Mikumi.

Shida hii si yetu peke yetu. Ulaya na Marekani watu wengi hupenda gari lenye kitanda, jiko na maji. Hulala humo wakiwa matembezini. Tunaweza kuliita nyumba ya magurudumu. Huenda umewahi kuona wageni wenye magari ya namna hiyo wakipita barabara zetu.

Wazee wetu wanalikumbuka gari la Kombi. Kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani ilianza kulitengeneza mwaka 1950. Hapa kwetu lilibeba abiria na watalii. Kwao liligeuzwa pia kuwa nyumba ya magurudumu. Kiwanda cha mwisho cha Kombi, kilichoko Brazil, kiliacha kulitengeneza mwaka 2013. Mwaka 2022 Volkswagen ilianza kuuza mrithi wake wa umeme, aitwaye ID. Buzz. Gari hilo linaweza kwenda takriban kilomita 400 kwa chaji moja.

Lakini ukiongeza vitanda, jiko na matangi ya maji, hesabu inabadilika. Mwaka huo huo wa 2022 kampuni ya Winnebago ya Marekani ilionyesha nyumba ya magurudumu ya umeme. Ilikwenda takriban kilomita 200 tu. Na gari la umeme likivuta tela zito, mwendo wake hupungua hadi karibu nusu. Kama matajiri wa Marekani bado wanakuna vichwa juu ya uzito wa betri, sisi tusione haya kupiga hesabu.

Je, safari ndefu haziwezi kutumia umeme?

Zinaweza, kama umeme hauhitaji kubebwa. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Morogoro na Dodoma. Treni hiyo inapokea umeme kutoka waya uliopita juu ya reli. Haibebi betri ya kuivuta safari nzima. Kwa hiyo kikundi chenu kinaweza kwenda Morogoro kwa treni, kisha kikakodi gari la huko kwenda Mikumi.

Iko pia njia ya gesi asilia. Gesi ya Songo Songo ilianza kuletwa Dar es Salaam mwaka 2004. Bajaji na magari mengi ya mjini yamefungwa mitungi ya gesi. Mabasi ya mwendokasi yaliyoanza njia ya Mbagala mwaka 2025 yanatumia gesi hiyo. Gesi nayo ina swali lile lile: ukitoka nje ya mji, kituo kiko wapi?

Na umeme wenyewe je, upo? Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji lina mitambo 9. Mtambo wa kwanza ulianza kutoa umeme mwaka 2024. Mwaka 2025 mitambo yote 9 ilikamilika. Uwezo wake ni megawati 2,115. Lakini umeme wa Rufiji haukusaidii kama waya wa mtaa wako ni dhaifu, au kama nguzo bado haijafika kwako.

Tupige hesabu ya bajaji

Bei zinabadilika. EWURA hutangaza bei ya mafuta kila mwezi. Wewe weka bei za siku unayosoma. Hapa tunatoa mfano.

Tuseme bajaji inakwenda kilomita 100 kwa siku. Tuseme ya petroli inatumia lita 4, na lita ni shilingi 3,000. Mafuta ni shilingi 12,000. Tuseme ya umeme inatumia uniti 10, na uniti ni shilingi 360. Umeme ni shilingi 3,600. Tofauti ni shilingi 8,400 kwa siku.

Usishangilie bado. Betri inazeeka. Tuseme betri mpya ni shilingi 3,000,000, na ya kwanza inadumu siku 1,000 za kazi. Basi kila siku weka akiba shilingi 3,000 ya betri. Faida iliyobaki ni shilingi 5,400. Hiyo ndiyo faida ya kweli. Mtu anayekula na ile 3,000 atafurahi miaka mitatu, kisha atauza bajaji kwa bei ya chuma chakavu.

Uliza haya kabla ya kuweka sahihi

Halmashauri zinatoa mikopo kwa vikundi. Katika kila shilingi 10 za mikopo hiyo, 4 ni za wanawake, 4 ni za vijana, na 2 ni za watu wenye ulemavu. Mkopo ni deni. Kabla ya kuweka sahihi, uliza:

1. Safari yangu ya siku ni kilomita ngapi? Chombo kinakwenda ngapi kikiwa kimejaa abiria?
2. Nitachaji wapi? Tundu la kawaida la ukutani haliwezi kutoa zaidi ya uniti 3 hivi kwa saa. Betri ya bajaji ya uniti 9 itachukua saa 3 au zaidi. Betri ya basi ya uniti 100 itachukua zaidi ya siku nzima. Basi linahitaji mtambo wake wa kuchajia.
3. Umeme ukikatika usiku, kesho nitafanya nini?
4. Betri ina dhamana ya miaka mingapi? Dhamana hiyo imeandikwa?
5. Fundi na spea viko hapa hapa mjini?

Kama muuzaji anajibu kwa maneno matamu bila karatasi, rudi nyumbani na fedha zako.

Jihadhari na betri

Betri ya gari si betri ya tochi. Ina umeme wa kuua mtu. Usiifungue. Usiunganishe waya wa kuchajia wewe mwenyewe. Mwite fundi umeme anayejulikana. Usichaji ndani ya chumba wanamolala watoto. Mvua kubwa ikileta mafuriko, usipitishe chombo majini. Betri iliyolowa inaweza kuwaka moto hata baada ya siku kadhaa. Betri iliyokufa usiichome wala usiitupe mtoni. Irudishe kwa muuzaji.

Wafundishe watoto pia. Chombo cha umeme hakina mngurumo. Anayevuka barabara kwa kusikiliza tu atagongwa. Atazame kulia, kushoto, na kulia tena.

Ndugu msomaji, umeme utaendelea kuingia katika magari yetu. Utaanza na safari fupi, ndipo utafika ndefu. Usiukimbie, na usiukimbilie. Chukua kalamu, andika kilomita zako, kisha amua.

Mazungumzo ya kikundi

1. Katika mtaa wenu, ni safari zipi zinazofaa chombo cha umeme? Zipi hazifai?
2. Kutoka kwenu hadi mahali mnapopenda kutembea ni kilomita ngapi kwenda na kurudi?
3. Kama kikundi kingenunua bajaji ya umeme, nani angetunza akiba ya betri, na ingewekwa wapi?

Maneno ya kukumbuka

Mota: chombo kinachogeuza umeme kuwa mwendo.
Kuchaji: kujaza umeme katika betri.
Dhamana: ahadi ya muuzaji kutengeneza au kubadilisha kitu kikiharibika kabla ya muda uliowekwa.
Tela: gari lisilo na injini linalovutwa na gari jingine.