Urani na Imani ya Wananchi

Sehemu kubwa ya maji ya mji wa Dodoma hutoka katika visima vya Makutupora. Katika nyanda hizi kame, maji ndiyo uhai. Basi si ajabu kwamba utafiti wa urani ulipofanywa Bahi na Manyoni, wananchi waliuliza juu ya maji, mpunga na mifugo yao.

Kuuliza si ukaidi wala ujinga. Mwongozo wa TANU wa 1971 ulikwisha kuagiza kwamba wananchi washirikishwe katika mipango inayowahusu. Baada ya mtambo wa majaribio wa urani kuzinduliwa Namtumbo mwaka 2025, agizo hilo lina uzito zaidi.

Tume ya Nguvu za Atomiki, iliyoundwa kwa sheria ya 2003, inao wataalamu na vipimo. Lakini matokeo yanayofungiwa ofisini hayamwondolei mtu hofu. Maji yapimwe kabla ya uchimbaji wowote, wanakijiji wakishuhudia. Matokeo, mazuri na mabaya, yabandikwe kijijini kwa Kiswahili. Walimu wayafafanue, na mtumishi wa serikali asimkemee anayeuliza. Mradi uliofichwa wananchi hauwezi kudai imani yao.