Mwenye Usonji na Uongozi Vyuoni

Anayetaka kujua tunavyomwelewa kiongozi katika vyuo vyetu, na asubiri majuma ya uchaguzi wa wanafunzi. Mwenye koo pana, ajuaye kupanda juu ya meza ya bwalo na kuuchekesha umati, ndiye aghalabu anyakuaye kiti. Kwa kipimo hicho, mwanafunzi mwenye usonji, ambaye huenda kelele zikamtaabisha na akahitaji muda kabla ya kujibu, ameshashindwa kabla ya kura kupigwa.

Nchini Marekani kipimo hicho kimepingwa kwa vitendo. Autistic Self Advocacy Network, shirika lililoasisiwa mwaka wa 2006 na watu wenye usonji wenyewe, lilianza mnamo 2012 kutoa mafunzo ya uongozi kwa wanafunzi wa vyuo walio na hali hiyo. Waliochaguliwa walikutana Washington wakati wa likizo, nauli na malazi yakigharimiwa. Hawakuitwa wakafundishwe kujifanya kama watu wengine. Walifunzwa historia ya harakati za walemavu, sheria zinazowalinda, namna ya kuunda vyama vyuoni mwao na namna ya kuwakabili wabunge kwa hoja.

Historia hiyo si pambo. Kifungu cha 504 cha sheria ya Marekani ya 1973 kilikataza ubaguzi dhidi ya walemavu katika taasisi zipokeazo fedha za serikali kuu, lakini kanuni za kukitekeleza zilicheleweshwa kwa miaka. Mnamo Aprili 1977 walemavu zaidi ya 100 waliingia katika jengo la serikali mjini San Francisco, wakakaa humo kwa zaidi ya majuma matatu hadi kanuni zikatiwa saini. Simu zilipokatwa, viziwi waliokuwa ndani walipitisha habari kwa ishara madirishani. Mimi mwanaisimu hulirudia tukio hilo mara kwa mara: waliodhaniwa hawana sauti ndio waliobaki na lugha.

Kwetu Kenya sheria hazikosekani. Ibara ya 54 ya Katiba ya 2010 inampa mlemavu haki ya kutajwa kwa lugha isiyomdunisha, na ya kutumia njia za mawasiliano zimfaazo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2025 imechukua nafasi ya ile ya 2003. Nasi walimu tumejitahidi: maneno kama kilema, yenye kiambishi cha vitu, tunayaepuka, tukasema "mtu mwenye ulemavu". Ajabu ni kwamba wengi wa wanaharakati hao wa Marekani waliukataa mtindo kama huo katika Kiingereza, wakisema kuwa usonji si mzigo alioutwika mtu bali ni namna alivyo. Katika Kiswahili kuna mwenye mzigo na kuna mwenye hekima, kwa hiyo huenda ugomvi huo usitukere sana. Swali linalobaki ni: nani aliulizwa?

Nami nina deni langu. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja aliniomba nimpe maswali ya semina kwa maandishi, siku moja kabla. Nilimjibu kwamba asiyeweza kujieleza papo kwa papo ameikosea njia kuja kusoma isimu. Alinyamaza. Insha yake ya mwisho ilizipita zote darasani, wala hakuniomba tena jambo lolote. Kwamba alikuwa na usonji nililijua baadaye, kwa mwenzake.

Mafunzo ya aina ile yangalimpa nini? Angalijua kuwa aliloliomba ni haki wala si hisani. Angalijua ofisi ya kulipeleka baada ya kukataliwa, na pengine angalikuwa na wenzake watatu au wanne wa kutia saini barua pamoja naye. Barua hiyo ingalinifundisha mimi pia.

Wapo watakaosema kwamba fedha hatuna. Lakini vyuo vingi huandaa semina za viongozi wa wanafunzi baada ya uchaguzi, wakati mwingine hotelini. Humo humo na wapatikane wanafunzi wenye usonji, wakiwa wakufunzi na si mifano ya kuonyeshwa. Ajenda itumwe mapema kwa maandishi, pawe na chumba cha utulivu, na anayependa kuchangia kwa kuandika, karatasi yake isomwe mbele ya wote na ijibiwe kama hotuba ya mwingine yeyote.