Usinunue spika kwanza

Leo naiacha Python kando nizungumzie kelele.

Kila msimu wa harusi ukikaribia hapa Mombasa, kuna vijana hunijia na swali lile lile. Mchana wana kazi zao, bandarini, benki, dukani Biashara Street, na wanataka wawe ma-DJ wa Ijumaa na Jumamosi. Swali lenyewe: "Ninunue spika gani?" Wananiuliza mimi kwa kuwa nafanya kazi ya kompyuta, na mtaani kwetu chochote chenye waya ni kompyuta.

Jibu langu: usinunue. Spika zikodi. Nunua vile vinavyokaa nyuma ya spika, na tumia muda wako mwingi kukusanya muziki. Najua nitachekwa, maana kwetu DJ hupimwa kwa ukubwa wa masanduku yake. Lakini atakayelipa mkopo ni huyo kijana, si wanaocheka.

Tupige hesabu. Tarakimu hizi ni za mfano tu, weka zako. Tuseme jozi ya spika na sanduku la besi ni Sh 180,000, na kukodi seti ya namna hiyo ni Sh 6,000 kwa usiku. Gawanya, unapata usiku 30. Mwenye sherehe mbili kwa mwezi atahitaji miezi 15 kabla spika hazijaanza kumrudishia chochote, na Ramadhani haihesabiki kwa sababu harusi husimama. Hapo hujaweka pa kuzihifadhi, gari la kuzibeba, wala hewa ya chumvi ya kisiwa hiki inayotia kutu kila mdomo wa waya. Na ukikodi, spika ikiungua ni wewe na mwenyewe mnaelewana, tena mara nyingi ana nyingine.

Halafu kuna hizi wati. Muuzaji atakuambia "wati 2,000" na wewe macho yanakutoka. Kwanza muulize kama ni wati za kilele au za kuendelea, maana ile ya kilele ni ya mpigo mmoja wa ngoma na karatasi za matangazo hupenda hiyo. Pili, sikio halihesabu kama pochi. Ukiongeza nguvu maradufu, kutoka wati 500 hadi 1,000, unapata desibeli 3 tu, tofauti ambayo wageni hawataigundua wakiwa na sahani za biriani mbele yao. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Uwanjani sauti hupungua desibeli 6 kila umbali unapozidi maradufu, lakini Mji wa Kale si uwanja. Ni vichochoro vyenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa pande zote mbili, na kuta hizo huirudisha sauti badala ya kuinywa. Spika mbili za inchi 12 zinatosha kuamsha Kibokoni nzima.

Na kuamsha watu si jambo la mzaha. Kanuni za NEMA za mwaka 2009 zinaweka desibeli 35 kuwa kikomo cha usiku kwenye makazi, na watu wawili wakizungumza kawaida tayari wako karibu na 60. Kwa hiyo sherehe ya nje inataka kibali. Hakikisha mwenye shughuli anacho kabla hujachomeka waya, usije ukawa wewe ndiye wa kuelezana na askari.

Kitu kingine wasichokifikiria wageni wa kazi hii: gari halifiki. Ukishaiacha Ndia Kuu ukaingia ndani, ni mkokoteni, hamali au mabega yako. Spika moja ya inchi 12 yenye amplifaya ndani yake ina kama kilo 15. Jozi unaweza, mkono huu na mkono huu, ukipumzika mara moja. Sanduku la besi la inchi 18 lipandishe ngazi nyembamba za nyumba ya ghorofa ya Mji wa Kale, halafu unipigie simu.

Basi ununue nini? Laptopu unayo tayari, hata ya zamani yenye RAM ya GB 8. Mimi ningeweka Mixxx, programu huria, haina malipo, na inakubali Linux, Windows na Mac. (Ndiyo, najua, mimi ni mtu wa programu huria, nina upendeleo. Lakini fungua rekordbox na Serato ulinganishe uone kile utakachokosa katika harusi ya Makadara. Ni kidogo sana.) Ongeza kontrola ndogo yenye kadi ya sauti ndani na inayokula umeme kupitia USB. Kabla ya kulipa, angalia kama imo kwenye orodha ya zinazokubaliwa na Mixxx. Hedifoni zinazofunika sikio zima. Waya nzuri, mbili zaidi ya unazohitaji. Ekstensheni yenye kinga ya umeme. Yote haya yaingie begi moja la mgongoni.

Faida ya begi hilo utaiona stima ikipotea. Laptopu inaendelea kwa betri, kontrola inaendelea kupitia laptopu, na jenereta ikiwaka unarudi pale pale wimbo ulipokuwa. Spika ziwashwe mwisho na zizimwe kwanza, siku zote. Zikinguruma, chomoa chaja ya laptopu usikie kama mngurumo umekwisha. Ukiisha, tatizo ni njia ya waya wa ardhi, dawa yake ni kisanduku cha DI. Usikate kamwe pini ya ardhi kwenye plagi. Umeme wetu ni volti 240, na mwenye kushika kipaza sauti huenda ni shangazi ya bibi harusi.

Sasa muziki, ndio penye kazi. Bongo Fleva kila mtu anayo kwenye simu. Atakayekuita tena ni yule mama aliyeomba wimbo wa Juma Bhalo au Zuhura Swaleh wa siku za ujana wake ukaupata. Taarab ya Mombasa ilirekodiwa hapa hapa: Assanand & Sons walikuwa na lebo yao ya Mzuri, na Mbwana Radio Service ya Mji wa Kale ilirekodi na kuuza kanda kwa miaka mingi. Kiasi kidogo kimetoka kwenye CD, kama ile albamu ya pili ya mfululizo wa Zanzibara, yenye nyimbo za 1965 hadi 1975. Mengi yamo kwenye kaseti, kabatini kwa watu. Tafuta deki inayofanya kazi, iunganishe na kompyuta, rekodi kwa Audacity. Kaseti ya dakika 60 kwa ubora wa CD ni kama MB 635, ukiigeuza FLAC inashuka karibu nusu. Mwenye kaseti mpe nakala yake. Na kwa kupiga muziki hadharani, uliza KECOBO ni nani anayekusanya mirabaha kwa sasa ulipie leseni, kwani watunzi hawa wana warithi.

Hapa kitufe cha kulinganisha mapigo hakitakusaidia. Programu inadhani ngoma inakwenda nne nne kwa mwendo usiobadilika. Chakacha ni sita kwa nane, na wapigaji walikuwa watu, walikaza mwendo kadiri wachezaji walivyopamba moto. Mixxx itakupa tarakimu ya mapigo, usiiamini. Hedifoni na sikio lako.

Nimalizie na jambo ambalo kwangu ndilo kubwa. Shughuli zenye watu wengi zaidi katika harusi ya Kiswahili, kupamba kwa mfano, ni za wanawake watupu. DJ mwanamume huwekwa nyuma ya pazia au hatakiwi kabisa, na wanaoingia huulizwa simu zao mlangoni. Kwa hiyo mwenye soko hapa ni dada yako, na begi la mgongoni analiweza bila kusubiri mwanamume wa kumbebea. Mfundishe kuunganisha waya, mwachie laptopu. Kabla hajaondoka, bandika kipande cha utepe mweusi juu ya kamera yake, nje, mahali ambapo kila mgeni atakiona.