"Nani Ahangaike na Kompyuta Yangu?" Acheni Kauli Hii

Ndugu mkulima na mfanyabiashara, kila nikishauri kompyuta ya duka la pembejeo au ya chama cha ushirika isasishwe, najibiwa: "Hii ni ya kuandikia mauzo tu." Nalipinga jibu hilo.

Mnyoo wa kompyuta hauchagui mtu. Virusi vya kawaida husubiri ufungue faili. Mnyoo hujisambaza wenyewe. Ukiingia mashine moja, hupekua mtandao kutafuta nyingine yenye tundu lilelile, hujinakili humo na kuendelea. Viwavijeshi nao hawaulizi shamba ni la nani.

Mei 12, 2017 mnyoo WannaCry ulivamia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150. Ulifunga mafaili na kudai dola 300 kuyafungua. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu. Microsoft ilikwisha kutoa dawa ya tundu hilo Machi 14, karibu miezi miwili kabla! Walioumia wengi hawakuiweka.

Utasema bando ni ghali. Sawa. Je, orodha ya wadaiwa wako ikifungwa, utamdai nani?

Basi fanya haya:
- Ruhusu Windows ijisasishe.
- Usichomeke flashi ya kila mtu. Mnyoo Conficker ulipita humo pia.
- Weka nakala ya hesabu kwenye diski ya pembeni, kisha ichomoe.
- Ukiona dalili, kata mtandao kwanza, fundi baadaye.

Shamba lisilopaliliwa huwaponza majirani. Kompyuta vilevile.